Kioo cha Mbele Kimepigwa Jiwe: Uzibe au Ubadilishe?

Mlio wenyewe ni mdogo tu: ta! Kama mtu amegonga kioo kwa funguo. Uko nyuma ya lori la kokoto lisilofunikwa turubai, mahali fulani kati ya Chalinze na Morogoro, na mbele ya macho yako kimetokea kinyota cheupe kama punje ya hindi. Gari linakwenda, waipa zinafuta, trafiki aliyekusimamisha Mikese hakukiona. Wengi wetu tunajiambia, "Nitakishughulikia mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi ukifika, kinyota kimeota miguu, mguu mmoja umegusa ukingo wa kioo, na kazi iliyokuwa ya nusu saa imekuwa ya kung'oa kioo kizima.

Nawaandikia wenye kinyota hicho sasa hivi, na wenye ufa tayari wasiojua waende kwa fundi gani wala wamuulize nini. Nimebadilishiwa kioo cha mbele mara tatu, na moja kati ya hizo ilikuwa kurudia kazi mbovu iliyoniharibia gari. Kutokana na hiyo nina jambo moja ninalolisisitiza kwa kila anayeniuliza: watu wanauliza bei ya kioo, wakati kinachoamua kama kazi ni salama ni gundi na mikono ya anayeipaka.

Jua kwanza unatazama nini

Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba, kila kimoja kama milimita 2, vilivyobanwa pamoja na utando wa plastiki usiofika hata milimita 1. Utando huo ndio unaofanya kioo kipasuke bila kukumwagikia usoni. Mkemia Mfaransa, Édouard Bénédictus, alipata hataza ya kioo cha namna hii mwaka 1909. Inasimuliwa kwamba chupa ya maabara ilimponyoka, ikapasuka lakini isisambaratike, kwa sababu ndani ilikuwa imebaki na utando wa dawa iliyokauka.

Vioo vya milangoni ni kitu kingine. Hivyo hupashwa moto mkali na kupozwa ghafla, na vikipigwa sawasawa vinamwagika punje punje. Ndiyo maana kioo cha mlango hakizibiki. Kikipasuka ni kubadilisha. Cha mbele kinaweza kuzibwa kwa sababu jiwe kwa kawaida hujeruhi kioo cha nje peke yake, na cha ndani kinabaki kizima.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui: kwenye magari ya sasa kioo cha mbele ni sehemu ya bodi. Gari likibiringika, kinasaidia kushikilia paa lisikubonyee. Na kwenye magari mengi eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka ajalini, ya abiria wa mbele hufumuka kwenda juu, ikagonga kioo, ndipo ikageuka kumwelekea abiria. Kioo kisiposhika pale, eabegi inakisukuma nje, na aliyekaa kiti kile anakosa kinga sekunde ileile anayoihitaji. Mkeo, mama yako au mwanao ndiye anayekaa pale. Kwa hiyo tunapozungumzia gundi hapo chini, uikumbuke sehemu hii.

Hatua ya kwanza: funika jeraha siku hiyohiyo

Ukisimama, kata kipande cha selotepu safi, ile inayoonyesha, ubandike juu ya kinyota. Usilioshe jeraha kwanza. Maji na sabuni vikiingia ndani ya ufa havitoki kirahisi, na dawa ya kuzibia haiwezi kuingia mahali palipokwishajaa maji au vumbi. Kama kioo kimelowa, pangusa kwa kitambaa kikavu, ngoja pakauke, ndipo ubandike. Kama jeraha liko pale unapotazamia, bandika kipande kidogo sana au usibandike kabisa. Kuona barabara kwanza.

Usipake supa gluu, rangi ya kucha wala dawa ya meno. Nimeona magari yaliyopakwa vyote hivyo. Supa gluu inaganda ndani ya mdomo wa jeraha, na siku ukienda kwa fundi mwenye mashine hataweza kupitisha kitu hapo. Jeraha ambalo lingezibika umeshalifunga likiwa bado na hewa ndani.

Kisha ukionee huruma kioo hicho mpaka kitengenezwe. Ufa hukuzwa na joto na mtikisiko. Gari likiwa limeshinda juani Kariakoo mchana kutwa, usiingie ukawasha AC baridi ya mwisho ikipuliza kioo. Fungua madirisha kwanza, joto litoke. Usimruhusu kijana wa kuosha magari amwage ndoo ya maji baridi kwenye kioo cha moto. Mlango ufungwe taratibu. Na matuta ya barabarani uyapande polepole, maana bodi ikijikunja kidogo, kioo nacho kinajikunja.

Hatua ya pili: pima mambo matatu

Chukua rula ya mtoto wa shule, simama kwenye mwanga mzuri, upime ukubwa, mahali na kina.

Ukubwa. Jeraha la duara au la nyota lisilozidi sentimita 2.5 kwa upana kwa kawaida linazibika vizuri. Ufa mrefu mwembamba usiozidi sentimita 15 nao mara nyingi unazibika kama ni mpya na msafi. Wapo mafundi wenye vifaa bora wanaoziba nyufa ndefu kuliko hapo, lakini kadiri ufa unavyorefuka ndivyo uwezekano wa kufunguka tena unavyoongezeka. Kama una majeraha matatu au zaidi kwenye kioo kimoja, mimi nisingepoteza hela kuziba.

Mahali. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Jeraha dogo sana linaweza kukulazimisha ubadilishe kioo kwa sababu tu ya lilipo. Kuziba hakufuti alama kabisa. Panabaki kivuli kidogo, na usiku taa za gari linalokuja zikigonga kivuli hicho, mwanga unatawanyika machoni. Uingereza wana kipimo kizuri kwenye ukaguzi wa magari wa kila mwaka, na mtu anaweza kukiazima: wanachukua ukanda wenye upana wa milimita 290, katikati yake ikiwa usawa wa katikati ya usukani, ndani ya eneo linalofutwa na waipa. Katika ukanda huo jeraha likizidi milimita 10 gari linafeli. Sehemu nyingine zinazofutwa na waipa kikomo ni milimita 40. Kaa kwenye kiti chako, nyoosha rula mbele ya usukani, utaona mara moja jeraha lako liko upande gani.

Ukingo nao ni mahali pabaya. Ufa ulioanzia au uliofika ukingoni hukua haraka, kwa sababu pembezoni ndipo kioo kinapobeba nguvu ya bodi. Jeraha lililo ndani ya sentimita 5 hivi kutoka ukingoni ulihesabu kuwa la kubadilishia kioo, hata kama ni dogo.

Kina. Ingia ndani ya gari, pitisha ukucha polepole nyuma ya jeraha. Ukihisi pamekwaruza, kioo cha ndani nacho kimepasuka. Hapo hakuna cha kuziba. Vivyo hivyo ukiona sehemu iliyopasuka imegeuka nyeupe kama maziwa kuzunguka jeraha: utando umeanza kuachana na kioo au umeingia unyevu.

Kabla hujatoa hela, soma bima yako

Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, haigusi kioo chako. Bima kubwa mara nyingi ina kipengele cha vioo, lakini kina kikomo cha fedha, na kikomo hicho kinaweza kuwa chini ya bei ya kioo cha gari lako. Mpigie wakala wako umuulize: kikomo ni kiasi gani, nikitumia kipengele hiki punguzo ninalopewa kwa kutodai linaguswa, naruhusiwa kuchagua fundi au ninyi mna wenu, na kuziba mnalipia, au mnalipia kubadilisha tu? Swali hili la mwisho watu hawaliulizi, na lina faida kwa pande zote mbili, maana kuziba ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kioo kipya. Piga picha za jeraha, na za gari zima zinazoonyesha namba, kabla fundi hajagusa kitu. Ukibadilisha kwanza ndipo ukadai, umempa mkaguzi sababu ya kukukatalia.

Kama linazibika: namna kazi inavyotakiwa kuonekana

Kuziba vizuri kunachukua kama nusu saa, na unaweza kusimama ukaangalia. Gari liwe kivulini na kioo kisiwe cha moto. Fundi anaondoa vipande vidogo vya kioo vilivyolegea kwa sindano, anahakikisha pamekauka, kisha anasimika kifaa chenye miguu ya kunyonya juu ya jeraha. Kifaa hicho kinafanya kazi mbili kwa kupokezana: kinavuta hewa iliyonaswa ndani ya ufa, halafu kinasukuma dawa ya maji maji, resini, iingie palipokuwa na hewa. Hapa ndipo uvumilivu wa fundi unapoonekana. Ukichungulia kutoka ndani utaona miguu ya nyota, iliyokuwa ikimetameta kama fedha, inapotea mmoja mmoja kadiri resini inavyoifikia. Mguu mmoja ukibaki unametameta, hewa bado ipo. Mwambie arudie kuvuta kabla hajakausha.

Akiridhika, anaweka tone la resini nzito kwenye shimo la juu, anafunika kwa karatasi laini ya plastiki, kisha anakausha kwa taa ya miale ya urujuanimno kwa dakika chache. Mwisho anakwangua kwa wembe uliosimama wima mpaka paweze kupitishwa ukucha bila kukwama, na kung'arisha.

Fundi anayekuja na bomba la gundi ya kawaida, anapaka juu na kufuta kwa kidole, hajaziba kitu. Na fundi mkweli atakwambia mapema mambo mawili: alama haitapotea yote, na kuna uwezekano mdogo wa ufa kukimbia wakati wa kazi yenyewe, kwa sababu kusukuma resini kunaongeza nguvu mahali palipo dhaifu. Ukisikia hivyo usimkimbie. Elewaneni tu kwamba ikitokea, malipo yatakuwaje.

Kama ni kubadilisha: kuchagua kioo chenyewe

Nenda dukani na namba ya chesesi, siyo jina la gari peke yake. "Kioo cha Harrier" ni maneno yasiyotosha. Kuna vizazi tofauti, na ndani ya kizazi kimoja kuna gari lenye sensa ya mvua na lisilo nayo, lenye kamera na lisilo nayo, lenye nyaya za kupasha joto sehemu zinapolala waipa kwa sababu liliuzwa upande wa Japani wenye theluji. Kabla hujatoka nyumbani, piga picha ya sehemu ya juu katikati, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, ukiwa nje na ukiwa ndani. Picha hizo mbili zitakuepusha na safari ya pili kwenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani.

Dukani, soma maandishi yaliyochapwa pembeni ya kioo. Tafuta neno Laminated. Kwenye vioo vingi vya Asahi vilivyokuja na magari ya Kijapani utakuta Lamisafe. Tafuta pia herufi E ndani ya duara pamoja na namba. Namba hiyo ni ya nchi iliyotoa idhini: 1 ni Ujerumani, 11 ni Uingereza, 43 ni Japani. Usichanganye na maandishi 43R yanayoonekana hapo karibu. Hiyo ni namba ya kanuni ya kimataifa ya vioo vya magari, na utaikuta hata kwenye kioo kisichotoka Japani. Kioo kisicho na maandishi yoyote, au chenye stika ya karatasi badala ya chapa iliyochapwa ndani ya kioo, kiache.

Watu wananiuliza sana kuhusu vioo vya China. Kioo hakiwi kibaya kwa kutoka China. Fuyao, kwa mfano, ni kiwanda cha China kinachotengenezea vioo kampuni kubwa za magari duniani. Kilicho kibaya ni kioo kisichojulikana kilikotoka. Na kuna kipimo ambacho hakihitaji kusoma chochote: mwombe muuzaji akisimamishe kioo kwa mwinamo kama wa kwenye gari, simama nyuma yake, tazama nguzo ya umeme au ukingo wa jengo lililonyooka, kisha sogeza kichwa polepole kushoto na kulia. Kama nguzo inajipinda na kucheza kama kitu kilicho chini ya maji, hicho kioo kitakuumiza kichwa safari ya saa nane kwenda Iringa. Angalia hasa upande wa dereva.

Kioo kilichotumika, cha kukatwa kwenye gari lililokufa, ninakishauri kwa magari ambayo kipya hakipatikani tu. Kikitolewa vibaya kinabaki na mikwaruzo ukingoni ambayo huoni, na siku ya kwanza ya barabara mbaya unazaliwa ufa. Kingine kimechubuliwa na mchanga wa miaka. Mchana hakionyeshi, usiku kila taa inakuwa jua. Ukilazimika, kitazame kikiwa kimeelekea jua.

Wenye Land Rover za zamani na malori mengi ya siku nyingi mna nafuu yenu: kioo chenu kinakaa kwenye raba, hakina gundi. Fundi anazungusha kamba ndani ya mdomo wa raba, mmoja anasukuma kutoka nje kwa viganja, mwingine ndani anavuta kamba taratibu, na mdomo wa raba unaruka juu ya bati pande zote. Nunueni raba mpya pamoja na kioo. Raba iliyokakamaa ndiyo inayopitisha maji. Sehemu za kamera na gundi hapo chini haziwahusu sana.

Magari yenye kamera

Subaru walianza kuuza EyeSight Japani mwaka 2008, na Toyota walileta Safety Sense mwaka 2015. Magari hayo sasa yamejaa mitaani kwetu. Ukiona kamera mbili zimekaa huku na huku ya kioo cha kutazamia nyuma, kama ilivyo kwenye Forester nyingi, au boksi jeusi katikati juu, gari lako linaona barabara kupitia kioo kile. Kamera inayotazama pembeni kwa kiasi kidogo tu inaweza kupima vibaya umbali wa gari la mbele, ikafunga breki pasipo sababu au isifunge panapotakiwa.

Kwa hiyo kwa gari la namna hii kioo lazima kiwe kilichotengenezewa kamera hiyo, jeraha lililo mbele ya kamera halizibwi, na baada ya kubadilisha kamera inapaswa kupimwa upya kwa mashine. Uliza kabla: "Fundi, kamera utaipima wewe, au nipeleke wapi?" Akikujibu kwamba haina haja, nenda kwa mwingine. Na taa ya onyo ikiwaka kwenye dashibodi baada ya kazi, usikubali izimwe tu.

Gundi

Sasa nieleze lililonikuta.

Ilikuwa Toyota Noah. Fundi mmoja mtaani alinipa bei nzuri, kioo nilinunua mwenyewe na kilikuwa kizuri. Nilimuuliza, "Fundi, hii gundi gani?" Akajibu, "Bosi, hii ndiyo tunayotumia wote." Ilikuwa nyeusi, na mafundi wengi kila gundi nyeusi wanaiita sika, jina la chapa moja ya gundi, kwa hiyo nikanyamaza. Nilisikia harufu kali kama ya siki, sikuijali. Baada ya saa mbili nikaondoka na gari.

Masika ilipoingia, zulia la upande wa abiria likaanza kulowa. Nilidhani ni mlango. Ndani ya gari kukawa na harufu ya nguo zilizoanikwa ndani, asubuhi vioo vina ukungu, kisha taa za ndani zikaanza kuwaka zenyewe kwa sababu maji yalikuwa yanateremka hadi kwenye sanduku la fyuzi. Nilipompelekea fundi mwingine, alipitisha kidole gumba kwenye kona ya juu akasukuma, na kioo kikasogea. Kwa kidole. Alipokitoa, gundi ilibanduka kama ganda la ndizi, na chini yake bati lilikuwa limeshika kutu kwa urefu wa mkono wangu, pale ambapo yule wa kwanza alikwangua rangi kwa kisu akaacha bati tupu. Kwa miezi mitano nilikuwa nimembeba mama yangu kwenye kiti kile, mbele ya eabegi isiyo na kitu cha kuegemea.

Ile harufu ya siki ni ya silikoni, gundi ya mabafu na akwariamu. Kioo cha gari kinashikwa kwa gundi ya poliyurethani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Silikoni haibebi uzito wa bodi, na mabaki yake yanazuia hata gundi nzuri isishike baadaye; fundi wa pili alitumia muda mrefu zaidi kusafisha kuliko kubandika.

Kwa hiyo fanya hivi. Omba uone bomba la gundi kabla halijafunguliwa. Soma kama imeandikwa kuwa ni ya vioo vya magari. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa maana gundi hii huzeeka hata ikiwa imefungwa. Soma muda wa kusubiri kabla gari halijaendeshwa. Upo kwenye maelezo yake. Uliza kama ana praima, kile kimiminika cheusi cha kupaka kwenye ukingo wa kioo na kwenye mikwaruzo ya bati. Fundi aliye na vitu hivi hukuonyesha kwa furaha.

Siku ya kazi

Chagua mahali penye paa, siku isiyo na mvua wala vumbi la barabarani. Kisha simama umbali wa heshima, uangalie mambo machache.

Kioo cha zamani kinakatwa kwa waya au kisu maalumu, dashibodi ikiwa imefunikwa. Gundi ya zamani haing'olewi yote. Inakatwa ibaki tabaka jembamba la milimita 1 au 2 juu ya fremu, kwa sababu gundi mpya hushika vizuri sana juu ya ile ya zamani iliyo safi. Anayekwangua mpaka bati linang'aa anakuandalia kutu. Palipochubuka papakwe praima, na aiache ikauke.

Ukingo wa kioo kipya una mkanda mweusi. Siyo pambo: unakinga gundi isiliwe na jua. Hapo anasafisha, anapaka praima, na kuanzia hapo mtu yeyote asiguse kwa mkono mtupu, kwa maana mafuta ya ngozi yanatosha kuharibu. Gundi inapakwa mstari mmoja mrefu usiokatika, wenye umbo la pembetatu, kilele chake kikiwa juu kama paa la nyumba. Tazama mstari huo. Ukiwa na pengo, maji yatapita pale pale.

Kioo kinabebwa na watu wawili kwa vishikio vya kunyonya, kinashushwa mara moja mahali pake, na kubanwa kidogo kwa viganja. Yote haya ndani ya dakika chache tangu gundi ipakwe, la sivyo juu yake hutengeneza ngozi na haishiki tena.

Saa 24 za mwanzo

Gundi hii hukauka kwa unyevu wa hewani. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hewa inasaidia; Dodoma ya kiangazi, au Makambako ya baridi, itachukua muda zaidi. Muda uliochapwa kwenye bomba ni wa chini kabisa. Mimi naacha gari lilale, naliendesha kesho yake.

Acha dirisha moja wazi kwa upana wa kidole. Mlango ukifungwa kwa nguvu ndani ya gari lililofungwa kote, hewa inasukuma kioo kibichi kutoka ndani. Vipande vya tepu alivyobandika fundi viache mpaka kesho. Usipeleke gari kwenye mashine ya kuoshea ya maji ya nguvu kwa siku mbili, na usiweke mzigo kwenye dashibodi.

Kesho yake fanya jaribio la maji ukiwa bado na namba ya fundi mkononi. Mtu mmoja ashike mpira wa maji yasiyo na presha, aanzie chini ya kioo akipanda taratibu hadi juu, dakika moja moja kila upande. Wewe kaa ndani na tochi na karatasi ya chooni, ukigusisha karatasi kwenye kona zote na chini ya dashibodi kadiri mkono unavyofika. Karatasi inaonyesha tone ambalo macho hayalioni. Halafu toka barabara kuu, fika kilomita 80 kwa saa, zima redio. Mluzi wa upepo pembeni maana yake kuna mahali hapajakaa. Yote mawili ni ya kurudishwa kwa fundi bila malipo, kwa hiyo muda wa dhamana uandikwe kwenye risiti ya EFD au karatasi yake, pamoja na jina la gundi iliyotumika.

Nunua na waipa mpya siku hiyo hiyo. Raba kuukuu yenye mchanga itachora upinde kwenye kioo kipya kabla wiki haijaisha. Na ile stika ya Nenda kwa Usalama iliyokuwa kwenye kioo cha zamani, ipige picha kabla haijatupwa nacho. Utaihitaji ukisimamishwa, mpaka upate nyingine.